Siku Meli Ilipomwacha Hayat

Mtaa mzima wa Makina ulijua kwamba Hayat binti Shafi alifutwa kazi kwenye meli. Habari ilifikaje, hakuna aliyejua, maana yeye mwenyewe aliingia nyumbani Jumapili mchana na mfuko mmoja, akapitia kichochoro cha nyuma ya msikiti asionekane, na kabla hajavua viatu jirani alikuwa tayari mlangoni.

"Pole, dada. Kazi ni kazi tu, itapatikana ingine."

Hayat alisema ahsante. Hakusema zaidi, na kwa kuwa hakusema zaidi, watu walimalizia wenyewe. Kuna waliosema aliiba taulo. Kuna waliosema alipigana na Mfilipino. Ilivyokuwa ni kwamba meli ilimwacha katika mji wa Palermo, kule Italia, akiwa amelala fofofo kwenye benchi, mchana kweupe.

Alikuwa na miaka thelathini na minane alipoanza kazi hiyo. Mumewe alikuwa amehamia Mombasa na kuoa huko, akamwachia mtoto mmoja, Fahima, wa miaka kumi na moja. Ajenti mmoja wa mjini alikuwa akitafuta watu wa kufua kwenye meli za watalii, zile zinazobeba watu elfu tatu na mabwawa ya kuogelea juu. Hayat alikuwa amefulia watu nguo kwa mikono tangu usichana wake, mitaa ya Woodley, Kilimani, popote palipokuwa na beseni na kamba. Akaona kufua kwa mashine hakuwezi kumshinda. Fahima akabaki na nyanya yake, Fatna, kwenye nyumba ya familia pale Makina.

Kufua kwa mashine hakukumshinda, lakini kulimmaliza polepole. Dobi ya meli ilikuwa chini kabisa, mahali pasipo na dirisha, na mvuke wa mashine za kupiga pasi ulifanya watu wafanye kazi huku jasho likiingia machoni. Shuka zilishuka kwa bomba pana la kutupia nguo kutoka vyumbani, zikirundikana usiku na mchana. Mkataba ulikuwa miezi tisa bila siku moja ya mapumziko, saa kumi au kumi na moja kila zamu. Halafu miezi miwili nyumbani, halafu tena. Alifanya hivyo miaka tisa. Kisigino cha kulia kilianza kumuuma mwaka wa tatu na hakikuacha.

Watu wa Makina walipomuuliza ameona nini Ulaya, hakujua aanzie wapi. Meli ikitia nanga, abiria walishuka na mabasi yao na viongozi wao. Mfanyakazi wa dobi alipata saa tatu, nne akibahatika, katikati ya zamu na zamu. Wengi walikaa palepale kwenye jengo la bandari, wakaegemea ukuta na kupiga simu nyumbani kwa sababu mtandao ulikuwa wa bure. Hayat alipiga simu yake kwanza, akaongea na Fahima, akasalimia mama, kisha akaanza kutembea.

Kila bandari ilikuwa karibu sawa na nyingine. Kwanza uzio mrefu. Halafu makontena, malori, geti na askari wa kukagua kitambulisho. Halafu barabara pana ambayo madereva wake hawakutarajia mtu wa miguu. Baada ya hapo, kama mji haukuwa mbali, nyumba zilianza, maduka yalianza, na pale mbele palionekana kuba la kanisa au ngome au mnara ambao watu wamevuka bahari kuja kuupiga picha. Wakati huo Hayat alikuwa akitazama simu yake. Akishatumia nusu ya muda, aligeuka, hata kama mnara umebaki mtaa mmoja. Alijua miji zaidi ya ishirini kwa namna hiyo, kila mmoja hadi pale alipogeukia.

"Mum, si ungeenda tu hadi mwisho?" Fahima alimuuliza wakati mmoja kwenye simu, baada ya kutumiwa picha ya geti lingine.

"Nikichelewa wananiacha."

"Na wakikuacha?"

"Wewe soma vitabu vyako."

Palermo alikuwa ameshafika mara nyingi bila kuvuka kiwanja cha kwanza kikubwa. Mwaka huo wa mwisho, mwokaji mikate mmoja wa melini, Muislamu kutoka Indonesia, alimwambia jambo ambalo hakuliamini. Alisema katika kanisa kuu la mji ule, kwenye ukumbi wa kuingilia, kuna nguzo iliyoandikwa aya kwa Kiarabu. Mji ule ulitawaliwa na Waislamu zamani sana, alisema, na waliojenga kanisa walitumia nguzo za jengo la zamani bila kufuta maandishi. Hayat akamtazama.

"Kanisani?"

"Kanisani. Nimeigusa kwa mkono wangu."

Jambo hilo lilimkaa kichwani wiki tatu, hadi meli ikarudi Palermo. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa sita. Alitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, akalala kwa muda wa saa mbili na kidogo, akaamka na kuanza kuvaa viatu. Kaveke, mwanamke wa Machakos aliyekuwa akisafisha vyumba vya abiria na ambaye walilala naye chumba kimoja, alifungua jicho moja kwenye kitanda cha juu.

"Unaenda wapi na hiyo sura? Lala wewe."

"Nakuja. Kuna kitu naenda kuona."

"Saa tisa wanafunga mlango, Hayat. Saa kumi meli inaenda."

"Najua."

Alitoka bandarini saa tano. Jua lilikuwa kali na hakuna upepo. Alivuka barabara ya mbele ya bandari, akafuata mtaa ulionyooka hadi kile kiwanja alichokuwa akigeukia siku zote, na safari hii hakugeuka. Akapita jumba kubwa la muziki lenye sanamu za simba kwenye ngazi. Akapita farasi waliovalishwa kofia, wamefungwa kwenye magari ya kubebea watalii, vichwa vimeinama kwa joto. Barabara ikawa nyembamba. Watu wa meli yake walikuwa kila mahali, aliwajua kwa vibandiko vya namba vifuani, na hakuna hata mmoja aliyemjua yeye, ingawa alikuwa amekunja shuka zao jana yake. Kwenye njia panda ya majumba manne alipinda kulia, akatembea huku akichechemea, na kanisa likatokea, kubwa, rangi ya mchanga, na bustani yenye mitende mbele yake.

Nguzo ilikuwepo. Kwenye ukumbi wa kuingilia, upande wa kushoto, maandishi yenyewe madogo kuliko alivyotarajia, yamechongwa kwenye jiwe la mviringo. Watu walikuwa wakiipita bila kuitazama. Hayat alisimama karibu na kuanza kusoma taratibu kwa herufi, kama mtoto wa madrasa, maana mchongo ulikuwa wa kizamani na ulimsumbua macho. Kisha neno moja likafunguka, na la pili, na akatambua kwamba aya hiyo aliihifadhi kwa moyo akiwa na miaka tisa, pale Makina, chini ya fimbo ya maalim: aya ya mbingu na ardhi, na usiku unaofunika mchana. Akaimalizia mwenyewe kwa midomo bila sauti.

Alidhani atalia. Kwa wiki tatu alikuwa amejiandaa kulia. Badala yake, kitu pekee alichotaka kilikuwa pa kukaa.

Saa sita na nusu alikaa kwenye benchi bustanini, penye kivuli. Alijiambia dakika kumi. Simu ilikuwa imezimwa sauti tangu alipolala asubuhi, na hakukumbuka kuiwasha.

Aliyemwamsha alikuwa mfagiaji wa bustani, mzee aliyegonga mguu wa benchi kwa ufagio na kusema neno asilolielewa. Jua lilikuwa limehama na kumpiga usoni. Alitoa simu. Saa kumi kasoro dakika kumi. Kaveke alikuwa amepiga mara kumi na nne.

Alikimbia hadi njia panda, kisigino kikakataa. Akatembea haraka, kikakataa hata hilo. Mtaa ulionyooka kwenda bandarini ulikuwa mrefu kuliko asubuhi, na mwisho wake, kati ya majengo, aliona kitu cheupe kikisogea. Hakuelewa mara moja. Alidhani ni jengo. Kisha akaona mistari ya madirisha ikipita polepole kutoka kulia kwenda kushoto, na baada ya hapo pakabaki anga tupu.

Kwenye jengo la bandari wakala wa meli alikuwa akimsubiri, kijana mwenye shati jeupe na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha kulikuwa na pasipoti yake.

"Wewe ndiye wa dobi?"

"Ni mimi."

Hakumfokea. Alionekana kuwa ameshaona wengi. Alimpa kiti na chupa ya maji, akapiga simu, akampa Hayat aongee. Upande wa pili alikuwa mwanamke wa ofisi ya wafanyakazi, yuko kule kule melini, sauti ikikatika kwa upepo.

"Hayat, kesho tutakuwa Malta. Wakala atakukatia tiketi ya ndege ya asubuhi. Utapewa barua ya onyo, lakini rekodi yako ni nzuri, haitafika mbali. Zamu yako itaanza usiku."

"Usiku huo huo?"

"Ndiyo. Tuna upungufu wa watu."

Hayat aligeukia dirisha. Wakala alikuwa akitazama ukuta kwa heshima. Nje, mahali meli ilipokuwa, watu wa kufungua kamba za meli walikuwa wakiondoka mmoja mmoja.

"Nataka kwenda nyumbani," alisema.

"Ukienda nyumbani utakuwa umejiuzulu wewe mwenyewe. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Una uhakika? Umechoka, pengine ufikirie kidogo."

"Nataka kwenda nyumbani, mama. Tafadhali."

Hilo ndilo ambalo Makina haikujua. Walisema amefutwa, naye akaacha iwe hivyo, kwa sababu aliyefutwa huambiwa pole, lakini aliyeacha kazi mwenyewe huulizwa kwa nini. Alilala karibu wiki tatu. Aliamka kuswali, akala alichowekewa na mama, akarudi kulala. Fahima alikuwa na miaka ishirini wakati huo, yuko mwaka wa pili wa kozi ya maabara katika chuo kimoja cha mjini. Muhula uliofuata karo haikuwepo, hakurudi. Hakulalamika. Alienda kumsaidia shangazi yake kuuza madera soko la Toi, na mtu yeyote aliyemchokoza kuhusu mama yake alikipata.

"Mum hakuiba kitu," aliwaambia. "Walimfanyisha kazi usiku na mchana mpaka akazimia na usingizi, alafu wakamfuta. Ukitaka story ingine kaulize kwingine."

Hayat alipoanza kutafuta kazi, muuzaji mmoja wa Toi alimwelekeza kwa mwanamke wa Kawangware aitwaye Wangoi. Familia ya Wangoi ilikuwa na ploti Kabiro, huko huko Kawangware, tangu siku za babu yake, na chini ya nyumba za kupangisha alikuwa amefungua dobi yenye mashine tatu, mbili kati yazo mbovu. Alimtazama Hayat kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Ni wewe ulikuwa unafulia wazungu kwa meli?"

"Ni mimi."

"Hapa hakuna mzungu. Kuna blanketi za hosteli na makoti ya bucha. Hiyo damu inatoka?"

"Inatoka. Ukianza na maji baridi."

Wangoi akageuka na kumwita fundi wa mashine. "Tangu nifungue hii kitu wamekuwa wakitumia maji moto," alisema, na Hayat akajua amepata kazi.

Kutoka Makina hadi Kabiro alitembea. Alipita Toi, akatokea barabara ya Ngong', akaifuata pamoja na umati wa asubuhi hadi Dagoretti Corner, kisha akashika barabara ya Naivasha kuteremka Kawangware. Mwendo wa saa moja na robo, kisigino kikiwa na hali nzuri. Watu wengi walitembea hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Jioni alirudi njia hiyo hiyo. Kazi ilikuwa ngumu, lakini Jumapili Wangoi alifunga, na siku nyingine mlango wa dobi ulikuwa wazi barabarani, na mtu akipita alisalimia.

Mambo yalikaa hivyo miezi tisa. Kisha Kaveke akarudi likizo, na kabla ya kwenda kwao Machakos akaja Makina kumsalimia rafiki yake, amebeba chokoleti na chupa ya manukato kwa ajili ya mama. Fatna alimkaribisha kwa chai na mahamri. Fahima alikuwa ametoka soko mapema, akakaa karibu na mlango. Walicheka, wakaulizana habari za watu wa meli, nani ameolewa, nani amevunjika mkono. Kaveke alimgonga Hayat gotini.

"Lakini huyu mama yenu ni mgumu. Mimi singeweza. Unaambiwa njoo Malta, ndege imelipwa, kazi yako iko, na unasema hapana! Meli nzima iliongea wiki mbili."

Fahima aliweka kikombe chini.

"Malta gani?"

Kaveke alimtazama Hayat, akaona usoni kwake kwamba amekosea, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hakukaa sana baada ya hapo.

Alipoondoka, Fahima alienda uani na vyombo. Hayat akamfuata. Fatna alibaki ndani, mlango wazi.

"Walikuita?"

"Waliniita."

"Na ukakataa."

"Nikakataa."

"Mum, mimi nimepigana na watu huko Toi juu yako. Naambia kila mtu mamangu alionewa. Ungeniambia tu."

"Ningekuambia nini?"

"Ungesema umechoka! Ni neno moja."

Hayat alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. "Nitakuambia ilivyokuwa," alisema. "Yule mwanamke aliposema zamu ni usiku huo huo, nilijaribu kufikiria masomo yako. Nilijua napaswa kufikiria masomo yako. Hayakuja. Kilichokuja ni kitanda cha pale ndani, na shuka ambayo sijaikunja mimi. Hiyo ndiyo iliyonifanya niseme hapana. Sikukuambia kwa sababu nilijua si jibu la mama kumpa mtoto wake."

Fahima aliendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshatakata. Kisha akaiacha, akaingia chumbani kwake.

Fatna akatoka polepole, akishika ukuta. Alikuwa na miaka sabini na sita, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Usimlaumu Mungu wala meli," alisema. "Mimi ndiye niliyeomba."

"Uliomba nini, mama?"

"Ikuache. Miaka tisa, Hayat. Mtoto akishikwa na malaria, mimi. Bomba likipasuka, mimi. Wapangaji wakipigana, mimi na magoti yangu. Kila Ijumaa nikimaliza kuswali nilikuwa naomba: Mola wangu, hiyo meli ina watu wengi, ifanye isahau mmoja tu."

Hayat alimtazama mama yake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka mama mzee naye akaanza, na Fahima akafunga mlango wa chumbani kwake kwa kishindo. Walijaribu kunyamaza wakashindwa.

Fahima alinuna siku kumi na moja. Alisalimia, alipika zamu yake ikifika, lakini maneno yake yalikuwa ya lazima tu. Katika siku hizo, bila kumwambia mtu, alienda chuoni kuuliza. Waliomwandikisha walimwambia anaweza kurudi mwezi wa tisa na kusoma madarasa ya jioni, mwaka wake bado unahesabika.

Jumatano moja, mvua ikinyesha, alitokea mlangoni pa dobi Kabiro, viatu vyake vimejaa tope hadi kwenye kamba. Hayat alikuwa ameinama akichambua blanketi. Fahima hakumsemesha. Alimgeukia Wangoi aliyekuwa kwenye meza ya mbele.

"Niaje, auntie. Kuna kazi ya asubuhi hapa? Jioni nitakuwa naenda class."

"Muulize mamako. Ndiye anajua mashine."

Hayat alijinyoosha, mkono kiunoni. "Kazi iko. Lakini si nyepesi."

"Sikuuliza kama ni nyepesi."

Wangoi aliwatazama wote wawili, akachukua aproni kwenye msumari na kumtupia msichana. Alasiri ile walifanya kazi bega kwa bega bila maneno mengi. Hayat alimwonyesha namna ya kushika pembe mbili za shuka na kurudi nyuma ili ikunjike sawa, na mara ya nne Fahima alikuwa ameshashika mwendo.

Walipofunga, mvua ilikuwa imepungua. Walipanda barabara ya Naivasha katikati ya watu waliokuwa wakiteremka kutoka kazini. Fahima alitembea haraka, mbele, kama msichana ambaye hasira yake haijaisha, na Hayat alibaki nyuma kwa sababu ya mguu wake. Hakumwita. Aliona kitambaa cha kichwa cha Fahima kikipotea na kutokea kati ya miavuli. Pale Dagoretti Corner magari yalikuwa yameshikana, pikipiki zikipenya kila upande, na Fahima alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mgongo umemwelekea mama yake, akingoja. Hayat alipofika, Fahima alimshika kiwiko bila kumtazama. Magari yakaachia nafasi kidogo, wakavuka.